Shemeji Amekubali Kulazwa, Ila Mimi Nisiwepo

Mpendwa Dada Mshauri, naomba msaada wako na naomba upesi, maana mkono wangu unakimbia kuliko kalamu, na furaha niliyo nayo ni kubwa kiasi kwamba juzi nilimsalimia jirani ambaye tumenuniana tangu mwaka jana, na akaitikia kwa woga akidhani nina jambo, ila ndani ya furaha hiyo kuna mwiba, na ninavyoona mwiba wenyewe nimeuchomeka mimi.

Nijitambulishe kwanza ujue unaongea na nani. Mimi ni msukuma machela wa hospitali kubwa ya hapa mjini, kitengo cha dharura, mlango wa mbele kabisa, ule ambao kila balaa la mji lazima lipitie kabla halijafika kwingine. Shule niliishia darasa la sita, la saba nilihadithiwa na wenzangu, lakini dunia imenisomesha bila likizo: nimepika melini, nimeshusha mizigo kwenye bandari ambazo hata kuzitamka ni kazi, nimekuwa utingo wa malori ya masafa marefu, na naweza kuomba maji ya kunywa kwa lugha saba na kukataa kuoa kwa lugha nane. Kwa hiyo mtu akikuambia ameona mambo, muulize kama ananijua.

Sasa Dada, watu wanadhani dharura ni ajali na damu. Damu ni kazi nyepesi, damu unaifunga bandeji inakaa. Shughuli iko kwa hawa wetu wengine: huyu kalewa mpaka kasahau njia ya kwao, yule anasikia sauti zinamwambia avue shati avunje kioo, mwingine kakosa unga wake tangu asubuhi anatetemeka kama amemwagiwa barafu, na wote wanaletwa kwetu kwa sababu hawana pengine pa kupelekwa. Wodi za kawaida zinasema hao wanasumbua wagonjwa, polisi wanasema hao ni wagonjwa, nyumbani wamechoka, na daktari wa magonjwa ya akili anakuja mara moja kwa wiki, akifika anakuta foleni imezunguka jengo. Basi wanalala koridoni juu ya machela zangu, na aliyevunjika mguu akiletwa namtafutia machela sipati, na mama mwenye mtoto wa homa anangoja kwenye benchi kwa sababu wauguzi wote wa zamu wako chumba cha pili wamemkalia mtu mmoja mikono na miguu wamfunge kwa shuka kitandani. Nimeona muuguzi kapigwa kofi akaenda kulia stoo, akanawa uso, akarudi kazini. Nimeona daktari kasimama katikati ya korido hajui aanzie wapi, kijana wa watu, nikamletea maji.

Hapo ndipo mimi huitwa. Na sijisifu, nasema tu kilichopo, kwamba hospitali ile nzima hakuna anayeniweza kwa kumtuliza mtu. Simshiki wala simfokei. Naenda na shuka safi, namwambia, "Mkubwa, nisaidie kukunja hii, peke yangu inanishinda." Basi. Anashika ncha zake mbili, nashika zangu mbili, tunavuta, tunasogeleana, anapokea, tunaanza nyingine. Mtu aliyeshika ncha mbili za shuka hana mkono wa kukupigia, na akishakunja ya tatu pumzi imeshashuka, ananiuliza chai iko wapi. Siku ya kwanza Matroni wetu aliponiona alisimama mlangoni na faili lake kifuani.

"Wewe baba, huo uganga umeutoa wapi?"

"Melini, Matroni. Mpishi mkuu wetu alikuwa akikasirika anashika kisu, ikabidi nimtafutie cha kushika kingine."

Tangu hapo nikawa naitwa hadi siku zangu za mapumziko. Na sasa ndiyo furaha yenyewe, Dada, kaa vizuri: lile ghala la magodoro nyuma ya maabara limegeuzwa kuwa wodi. Wodi ya watu hao hasa, wa pombe, wa unga na wa akili. Kuta zimepakwa rangi, vitanda vimefungwa kwa boliti sakafuni, ukutani hakuna ndoano hata moja, madirisha makubwa, jua linaingia hadi unataka kulazwa. Inafunguliwa Jumatatu. Na Matroni kanishika bega mbele ya watu, kaniambia, "Baba, usipokuwepo humo sijui kama nitaifungua, maana wauguzi nilionao ndio haohao." Nimepewa cheo, Msaidizi wa Wodi, na sare mpya yenye mifuko mikubwa, nimeijaribu mbele ya kioo mpaka watoto wamenicheka. Umri huu wote sijawahi kuwa na cheo kilichoandikwa kifuani.

Na furaha haikuishia hapo. Mke wangu ana mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, anaishi nasi chumba cha uani, fundi simu, mikono ya dhahabu, ila pombe imemkaa. Asubuhi asipopata kidogo mikono inacheza, hawezi kushika bisibisi, na wateja wameanza kumkimbia. Mwezi uliopita aliamua kuacha mwenyewe, akajifungia ndani, kesho yake akaanguka kifafa mbele ya dada yake. Daktari wetu akatueleza kwamba aliyezoea pombe nyingi akikata ghafla bila dawa na bila mtu wa kumwangalia anaweza kufa, na akirudia vile tusishangae tukamkosa. Tukaogopa sote. Basi wiki iliyopita, mwenyewe, bila kusukumwa, akamwambia mke wangu, "Dada, nimechoka, nipelekeni." Mke wangu alilia kwa raha hadi akaunguza sufuria, na daktari kamshikia kitanda katika wodi hiyohiyo, kitanda ambacho asipokichukua Jumatatu anapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi.

Nikakimbia kumpa habari kibandani kwake. Nikamwambia, "Shemeji, Jumatatu nitakupokea mimi mwenyewe, nitakutandikia cha dirishani."

Akaweka bisibisi chini. "Kwani wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo? Shemeji, mimi ndiye wodi."

"Basi siendi."

Nikadhani anatania, nikacheka. Hakucheka.

"Shemeji, mimi nakupenda," akasema, "lakini wewe ukinipokea Jumatatu, Jumamosi niko kwa kinyozi."

Sasa nikueleze habari ya kinyozi. Kila Jumamosi nikitoka kazini napita pale mtaani kwetu kunyolewa, na watu wananisubiri, nikiingia wanasogeza benchi, "Haya, mwenye dunia yake, wiki hii kumetokea nini huko?" nami nawapa. Majina sitaji, mimi si mjinga. Lakini nina kipaji cha kuigiza, nifanye nini, nikimuiga mtu utadhani ndiye kaingia, watu wanavunjika mbavu, kinyozi anasimamisha mashine asije akamkata mteja. Na sina ubaya, nawapenda wale watu, nawachekea kwa mapenzi. Kumbe siku moja shemeji alikuwa kwenye kiti, povu kidevuni, na mimi nilikuwa nawapa ile ya mwalimu mstaafu ambaye akilewa huja kwetu na kuanza

[Hapa nimekata. Mshauri.]

na shemeji anasema hata yeye alicheka, ila alipofika nyumbani hakulala.

Mke wangu anasema, "Mume wangu, una moyo mkubwa, lakini mdomo ndio kaka yake." Mama mkwe kapigiwa simu, kasema nyinyi wanaume malizaneni. Nami nimewaza, nikapata mpango, na nauona ni mzuri ila nataka uupitishe wewe. Nimwambie shemeji kwamba nimekataa kazi ya wodi, nimebaki na machela zangu. Ataingia kwa amani. Siku mbili tatu zikipita, dawa zimeshamtuliza, mlango umeshafungwa, nitatokea na shuka langu mkononi, "Shemeji, nisaidie kukunja," atacheka, atanisamehe, mchezo umeisha. Au nimfuate kwa ukali, mimi ni mkubwa, nimembeba kwenye nyumba yangu, asinichagulie kazi? Au niiache wodi kweli, cheo kiende, Matroni avunjike moyo, na watu wote wale warudi kufungwa kwa shuka koridoni kwa sababu ya mtu mmoja mwenye haya? Nisaidie Dada, leo ni Jumatano na barua hii nimeileta kwa mkono wangu kwa mlinzi wa ofisi yenu ili iwahi toleo la Jumamosi. Mimi naishi na furaha huku na mwiba huku.

Msukuma machela, mlango wa dharura

JIBU

Ndugu yangu msukuma machela, hongera. Naanza hapo kwa sababu mbele kidogo hongera zitapungua.

Hongera ya kwanza ni kwa shemeji yako. Mtu aliyekwisha anguka kifafa akaamka na kusema "nipelekeni" amefanya kazi nzito kuliko yoyote uliyofanya melini. Ya pili ni kwa hospitali yenu, maana nimesoma habari za ile wodi mara mbili nikitabasamu peke yangu ofisini. Ya tatu ni yako. Kwenda kwa mtu ambaye kila mmoja anamkimbia, ukamwomba msaada badala ya kumkamata, si jambo dogo, na sitaki cheo kikupite. Umeshiba sifa? Haya, sasa kaa.

Shemeji yako hajakataa dawa, hajakataa kitanda, hajakataa hata sindano. Amekataa kuwa mchezo wako wa Jumamosi. Na ana haki. Wewe unasema hutaji majina. Kaka, huo mtaa wenu una walimu wastaafu wangapi wanaolewa? Umemuiga sauti, umemuiga mwendo, watu wakamwona ameingia, wewe mwenyewe umesema. Jina lilikuwa linahitajika la nini tena? Watoto wa mwalimu huyo nao wana vichwa, nao hunyolewa. Kesho mmoja wao atakaa kwenye benchi lile, na baba yake akizidiwa tena watamficha ndani hadi apoe kabisa, kwa sababu wanajua mlangoni kuna nani.

Na usinipe ile ya "nawachekea kwa mapenzi". Mapenzi hayo wao hawayasikii. Wanachosikia ni kicheko.

Tena hujakoma. Umeniandikia mimi, gazeti zima, habari ya mwalimu kwa kurasa mbili, tamu kweli, nilicheka na nikaona aibu, nikazikata. Ile aya ya shemeji yako alivyokutwa sokoni nimeichana kabisa. Na kazi ya shemeji yako iliyosomwa hapo juu siyo kazi yake, nimeibadilisha mimi, ili Jumamosi hii wateja wake wakinunua gazeti wasimtambue. Unaona tabu unayotupa sisi tunaokupenda?

Sasa huo mpango wako. Utoe kichwani leo, kabla hujamaliza kusoma sentensi hii. Nimempigia simu muuguzi mmoja wa magonjwa ya akili ninayemwamini, nikamsomea. Akaniambia, "Mtu akikatishwa pombe, siku hizo za mwanzo anaweza kuona vitu ambavyo havipo. Halafu atokee mtu aliyemwambia hayupo?" Nadhani hapo hatuna la kuongeza. Ungemvunja akili na imani kwa siku moja, na mlango umefungwa. Na ule ukali wa "nimembeba kwenye nyumba yangu" ni wa mtu aliyekosa hoja, uache kabisa.

Kuhusu kuacha wodi moja kwa moja, hapana pia. Lakini usijidanganye kwamba wodi ni wewe. Ukipata mafua je? Wale wagonjwa warudi kufungwa kwa sababu umekohoa? Hospitali inayomtegemea mtu mmoja na shuka moja bado haina wodi, ina bahati, na Matroni wako anajua hilo, ndiyo maana kakushika bega kwa nguvu. Amechoka, huyo mama. Wauguzi ni walewale, mlango ni uleule, na wanaoingia wanaongezeka. Msaidie kwa namna ambayo itabaki hata wewe ukiwa nyumbani umelala.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kusoma, mpigie Matroni, mwombe dakika chache faragha. Mwambie miongoni mwa watakaolazwa Jumatatu yuko mtu wa nyumbani kwako, na hataki uwe humo. Mwambie hilo tu. Yeye amekula kiapo cha kutunza siri, ataelewa bila maelezo ya kuigiza. Omba kwamba muda wote shemeji yako atakapokuwa ndani, wewe ubaki kwenye mlango wa dharura, ambako kazi haijapungua hata kidogo, na cheo chako kikungoje. Kisha leo na kesho uwachukue wale watakaofanya kazi humo, wauguzi, walinzi, na mama wa usafi ambaye huwa hakumbukwi, uwafundishe kukunja shuka na mtu mwenye hasira. Wafundishe vizuri, na uwaonye pia kwamba siyo kila mgonjwa atashika, wengine watahitaji daktari kwanza. Wakikosea usiwacheke.

Kwa shemeji yako nenda leo hii. Usiende na mkeo, usiende na mama mkwe kwenye simu. Kaa chini kuliko yeye, wewe mtuliza watu unajua faida yake. Mwambie, "Nilikosea kuwafanya wagonjwa kichekesho. Jumatatu sitakuwepo humo, na Matroni ameshaambiwa." Halafu nyamaza. Najua itakuuma, nyamaza hivyohivyo. Asipokuamini, mpe namba ya Matroni aulize mwenyewe. Akitaka kukutukana, akutukane, mdomo wake nao una haki ya zamu. Akimaliza, muulize nani anataka ampeleke. Akisema dada yake, ni dada yake. Akisema mtu baki, ni mtu baki.

Mpaka Jumatatu, mke wako asimnyang'anye chupa wala kumfungia ndani kwa nia njema. Daktari wenu amewaeleza kwa nini. Ale, anywe maji, asiachwe peke yake. Na akitetemeka vibaya, akiweweseka au akianguka tena, msisubiri Jumatatu wala kufunguliwa wodi, mleteni palepale mlangoni kwenu, na wewe umpokee kama unavyopokea wengine wote, mdomo umefungwa.

Kwa kinyozi nenda, nywele zinaota. Wakisogeza benchi, wape habari za melini. Huko umeishi wewe mwenyewe, uwaigize mabaharia waliokufa maji na wapishi wenye visu, hakuna atakayekosa usingizi.

Jumatatu utakuwa umevaa sare ya zamani. Asubuhi utamwona shemeji yako anapita na mtu aliyemchagua, begi begani, macho chini. Atakutafuta kwa jicho moja aone utafanya nini. Usimpungie mkono, usimwite, usimtanie ajisikie vizuri. Hapo mlangoni patakuwa na mtu amelala juu ya machela anasubiri kusukumwa. Msukume, na shemeji yako aingie.